Divai ya Madini: Kosa Tunalolifundisha

Ndugu walimu, kuuliza si ujinga; ujinga ni kuulizwa na mwanafunzi swali la haki, kisha ukajifanya hukusikia. Ujinga huo niliufanya mimi, na makala haya ni malipo ya deni lile.

Sisi tuishio katika ukanda wa shaba, kati ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, neno madini hatukulipata vitabuni. Twalifahamu tangu utotoni. Madini ni shaba na kobalti; ni malori yatimuayo vumbi jekundu barabarani; ni mashimo ambamo vijana huingia asubuhi na wengine wasitoke; ni kijito ambacho mama humkataza mtoto wake asinywe maji yake. Mtoto wa kwetu ukimwambia kwamba kinywaji fulani kina madini, hatakiomba. Atakikimbia.

Basi katika mtihani mmoja wa tafsiri wanafunzi walipewa kifungu cha Kifaransa juu ya divai ya Chablis, ambayo mwandishi aliisifu kuwa ni nyeupe, «sèche, vive et minérale». Karatasi ya majibu tuliyoletewa walimu ilituamuru tukubali jibu moja tu: «divai nyeupe kavu, hai na yenye madini». Binti mmoja hakuandika hivyo. Aliandika: «divai nyeupe isiyo tamu, yenye ugwadu, na ladha kama ya jiwe lililonyeshewa mvua». Nami, kwa kuwa karatasi ni karatasi, nikamchorea mstari mwekundu na kumnyima alama. Alipokuja kuniuliza, hakulalamika wala hakupandisha sauti. Alisema tu: «Mwalimu, ni nani anywaye shaba?» Nikamjibu kwamba majibu yametoka juu. Hilo halikuwa jibu.

Nadai leo kwamba binti yule alikuwa na haki mara tatu: kwa Kiswahili, kwa elimu ya ardhi, na kwa elimu ya kemia. Nadai pia kwamba sisi tulioshika kalamu nyekundu ndio tuliopaswa kurudia mtihani.

Kabla sijaendelea, niondoe tuhuma moja. Wapo wenzetu wasiokunywa kileo kwa sababu ya dini yao, na wapo wasiokunywa kwa hiari yao. Simshawishi mtu yeyote aonje. Divai hapa ni mfano tu. Ugomvi wetu ni juu ya maneno, na maneno hayamleweshi mtu. Na kuhusu jina lenyewe, natumia divai, neno tulilolipata kwa Wafaransa, badala ya mvinyo, neno tulilolipata kwa Wareno, kwa kuwa mvinyo katika vinywa vya wazee wengi humaanisha hata pombe kali ya kuchoma koo.

Sasa tuitazame divai yenyewe mahali ilikozaliwa, kwa maana mfasiri asiyekijua kitu hutafsiri kivuli chake.

Chablis ni mji mdogo wa Ufaransa, katika wilaya ya Yonne, upande wa kaskazini wa nchi ya Bourgogne, mwendo wa kilometa 180 hivi kutoka Paris. Mto uitwao Serein unapita hapo, na kandokando yake vimeinuka vilima vilivyopandwa mizabibu ya aina moja tu, Chardonnay. Kilima kitukuzwacho kuliko vyote kiko ng'ambo ya mji, upande wa kulia wa mto, nacho kimeelekea kusini-magharibi kulipokea jua la mchana. Kina hekta zipatazo 100 tu, zilizogawanywa makonde saba: Blanchot, Bougros, Les Clos, Grenouilles, Preuses, Valmur na Vaudésir. Watu wa huko kila konde huliita «climat». Hapa pana mtego mwingine kwa mfasiri mvivu: akilikuta neno hilo ataandika «hali ya hewa», ilhali Mburgundi amekusudia kipande cha ardhi chenye mipaka na jina lake.

Watawa ndio waliokilea kilimo hicho katika zama za kati. Katika karne ya 9 watawa wa Mtakatifu Martino wa Tours walipewa makao Chablis. Na baada ya monasteri ya Pontigny kuanzishwa jirani mwaka 1114, Wasistersia nao wakapanda mizabibu katika miteremko hiyo. Hawakuwa na maabara. Walikuwa na subira, na macho ya kuona ni mteremko upi uivishao zabibu mapema na ni upi uzichelewao.

Udongo wa kilima hicho una habari ya ajabu. Takriban miaka milioni 150 iliyopita mahali hapo palikuwa chini ya bahari yenye joto na kina kifupi. Tope la bahari lilituama tabaka juu ya tabaka, likageuka mawe ya chokaa yaliyopishana na udongo wa mfinyanzi wenye chokaa. Ndani yake mmejaa magamba ya chaza wadogo waliojipinda mfano wa alama ya mkato. Mkulima akilima huwaokota kwa mkono. Wanajiolojia waliziita tabaka hizo Kimmeridge, kwa jina la kijiji cha pwani ya Uingereza ambako mawe ya zama hizo yanaonekana. Juu zaidi, kwenye vilele vilivyo tambarare, kuna chokaa ngumu zaidi ya zama zilizofuata; huko ndiko itokako sehemu kubwa ya divai ya daraja la chini iitwayo Petit Chablis.

Hapo ndipo hadithi tamu ilipozaliwa. Mnywaji akionja divai hiyo, huhisi ukali safi, kitu kama munyu, kitu kama jiwe lililolowa, pengine harufu ya gumegume lililogongwa. Kisha huambiwa kwamba mizizi ya mzabibu imeshuka hadi kwa wale chaza wa kale, ikawanyonya, ikawapandisha hadi katika zabibu, na sasa wako katika bilauri yake. Ni hadithi nzuri. Ingekuwa ya kweli, karatasi yetu ya majibu ingekuwa sahihi: divai ina madini, basi ni «yenye madini».

Lakini si kweli. Mwanajiolojia Alex Maltman wa Chuo Kikuu cha Aberystwyth, nchini Wales, aliyetoa kitabu mwaka 2018 juu ya mashamba ya mizabibu, miamba na udongo, ameeleza jambo hili kwa uwazi ambao kila mwalimu angeutamani. Neno madini, asema, lina maana mbili zinazochanganywa. Kuna madini ya mwamba, yaani mawe yenyewe, ambayo mengi hayayeyuki kwa urahisi, hayana harufu wala ladha. Na kuna madini ya lishe, kama potasi na kalisi, ambayo mmea huyanyonya yakiwa yameyeyuka katika maji. Hayo ya pili huingia katika divai kwa kiasi kidogo mno, ambacho kwa kawaida ulimi hauwezi kukitambua. Mzabibu haunywi mwamba. Mtu akilamba jiwe la chokaa lililo safi na kavu, hataonja cho chote.

Sasa ile harufu ya jiwe lililonyeshewa yatoka wapi? Kila mtoto wa Afrika aijua harufu ya ardhi wakati mvua ya kwanza inapoanguka baada ya kiangazi. Mwaka 1964 wanasayansi wawili wa Australia walionyesha kwamba harufu hiyo haitoki katika jiwe. Hutoka katika mafuta ya mimea yaliyojikusanya juu ya mawe na udongo wakati wa ukavu. Jiwe ni sahani tu, chakula ni cha mimea. Na ile harufu ya gumegume au moshi? Mwaka 2003 watafiti wa Bordeaux waliitaja kemikali moja yenye asili ya kiberiti, iliyomo katika baadhi ya divai za Chardonnay, inayotoa harufu hiyo kwa kiasi kidogo kabisa.

Hapo nawaomba, ndugu zangu, tusimame kidogo tuione fahari ya lugha yetu. Katika Kiswahili kiberiti ni ile dutu ya njano, na kiberiti ni kile kijiti tuwashiacho moto. Neno moja. Mswahili akinusa divai na kusema «inanuka kama kiberiti kilichowashwa sasa hivi», amesema maneno ya mnywaji na maneno ya mkemia kwa pumzi moja. Yeye asemaye «ina madini» hakusema la huyu wala la yule.

Kwa hiyo kosa letu halikuwa la msamiati peke yake, lilikuwa la sarufi ya ukweli. Binti aliandika kama. Karatasi iliandika yenye. Kama ni neno la mfano: hulinganisha, halidai. Yenye ni neno la umiliki: hudai kwamba kitu kimo. Twawafundisha wanafunzi tofauti hiyo katika mwaka wa kwanza, «kijana kama simba» si «kijana mwenye simba», kisha siku ya mtihani tunawaadhibu kwa kuikumbuka.

Asije mtu akasema, kutokana na hayo, kwamba kilima hakina kazi na kwamba habari zote za ardhi ni ulaghai wa wachuuzi. La hasha! Huko ni kukimbia moshi na kuangukia motoni. Kilima huiunda divai, lakini huiunda kwa njia za kilima. Mteremko huondoa maji ya ziada, na mfinyanzi wa chini huhifadhi yatoshayo wakati wa ukame. Mwelekeo wa kusini-magharibi huongeza jua katika nchi yenye jua haba. Ubaridi wa kaskazini huzuia zabibu kupoteza ukali wake, na ukali huo ndio uti wa mgongo wa divai yote. Ndio ule ugwadu alioutaja binti, mfano wa embe bichi liliwalo kwa chumvi. Wengi wa watengenezaji huiweka divai yao katika mapipa ya chuma yasiyotoa harufu, ili ladha ya mbao isiufunike ukali huo. Wengine bado hutumia mapipa ya mbao kama mababu zao. Yote hayo ni kazi ya mahali na ya mkono wa mtu. Hakuna hata moja lihitajilo kumeza chaza.

Tena ubaridi uo huo ni adui. Mwezi wa Aprili, machipukizi yakisha kufunguka, jalidi hushuka bondeni usiku na kuyaunguza. Wakulima hukesha. Wengine huwasha mamia ya makopo ya nta katikati ya safu za mizabibu. Wengine hunyunyizia maji ili barafu iyafunike machipukizi na kuyakinga yasipate baridi kali zaidi. Katika Aprili ya mwaka 2021 jalidi iliharibu sehemu kubwa ya mavuno. Huko Dodoma, Tanzania, mkulima wa zabibu huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Wa Chablis huvuna mara moja, Mungu akipenda. Mwanafunzi akielezwa hayo ataelewa kwa nini divai ile ni kali, na hatahitaji kuambiwa habari za madini.

Sasa nijibu hoja za wenzangu, maana najua zitakuja.

Hoja ya kwanza: «Katika masomo ya afya twasema chakula kina vitamini na madini, kwa nini tusiseme divai ina madini?» Ni hoja nzuri, na jibu lake limo ndani yake. Katika somo la afya tunadai kwamba chuma au chokaa imo ndani ya mboga, na mpimaji akipima ataikuta kwa kiasi chenye faida. Neno limesimama juu ya kitu. Mwandishi wa Kifaransa hakupima cho chote; alieleza alivyohisi kinywani. Neno lake ni sitiari, na sitiari hutafsiriwa kwa sitiari au kwa mfano. Atafsiriye sitiari kama orodha ya viungo hufanana na mtu aambiwaye «moyo wangu unawaka», akakimbilia ndoo ya maji.

Hoja ya pili: «Neno lile ni la kitaalamu, limekubaliwa ulimwenguni tangu kale.» Si la kale. Hata huko Ulaya waonjaji hawakulizoea kabla ya miaka ya 1980. Vizazi vingi vya wapenzi wa Chablis viliinywa na kuisifu bila kulihitaji. Wala si la kitaalamu, kwa maana wataalamu wenyewe hawajaafikiana lina maana gani: mmoja akilitamka akusudia ukali, mwingine munyu, wa tatu moshi, wa nne kukosekana kwa harufu ya matunda. Twawezaje kuwalazimisha watoto wetu wawe na jibu moja kwa neno ambalo wenyewe wana majibu manne?

Hoja ya tatu ndiyo iniumizayo zaidi, kwa sababu huisikia kwa walimu wa Kiswahili: «Lugha yetu haina maneno ya mambo hayo, afadhali tukopoe.» Haina? Tuna ugwadu, ukakasi, uchachu, ukali, uchungu, munyu, kukolea, kuchujuka. Twasema kitu kimetutia meno ganzi. Tuna gumegume, neno walilolitumia wazee kwa bunduki zao. Tuna chaza, chokaa, matumbawe. Mvuvi wa Pwani ajua harufu ya mwamba uliokupwa na maji; mkulima wa Kivu ajua harufu ya kilima baada ya mvua. Umaskini haumo katika lugha. Umo katika uvivu wetu wa kufungua ghala. Na hilo «kavu» nalo? Kitu cha majimaji kimekuwaje kikavu? Wafaransa wamezoea kusema hivyo kwao. Sisi husema «isiyo tamu», na kila mtu huelewa.

Mwenzangu mmoja ataniuliza: kelele zote hizi kwa neno moja, zina faida gani? Nitamjibu kwa historia ya Chablis yenyewe, kwa kuwa watu wa huko wajua thamani ya neno moja.

Mwishoni mwa karne ya 19 mdudu filoksera aliivamia mizabibu yao. Tayari reli ilikuwa ikileta Paris divai ya bei nafuu kutoka kusini. Mashamba yakaachwa, na kufikia miaka ya 1950 Chablis nzima ilibakiwa na hekta zipatazo 500. Kilichobaki imara ni jina, ambalo sheria ya mwaka 1938 ililiwekea mipaka. Katika miaka ya 1970 wakulima wenyewe wakagawanyika kambi mbili. Kambi moja ilishikilia kwamba mizabibu iliyo juu ya tabaka za Kimmeridge peke yake ndiyo istahiliyo jina la Chablis. Nyingine ikasema kwamba mteremko, jua na ubora wa divai vitazamwe kuliko jina la mwamba. Kambi ya upanuzi ilifaulu kwa sehemu kubwa, na leo mizabibu imefunika zaidi ya hekta 5,000. Kwa mwenye shamba, neno moja la wanajiolojia lilikuwa mpaka kati ya bei ya juu na bei ya chini.

Na huko Marekani, kwa miaka mingi, wafanyabiashara waliuza divai nyeupe yo yote ya bei nafuu kwa jina la Chablis, hata wengine wakauza Chablis ya rangi ya waridi! Zabibu hazikuwa Chardonnay, kilima hakikuwapo, chaza hawakuwapo. Mkataba wa mwaka 2006 kati ya Marekani na Umoja wa Ulaya ulizuia watumiaji wapya, lakini waliokuwa wakilitumia jina hilo tangu awali waliruhusiwa kuendelea. Watu wa Chablis waliona kwamba mtu akilichukua jina lako amekwisha kuchukua nusu ya shamba lako.

Sisi nasi tuna vilima. Burundi mtu huulizwa atoka kilima gani. Rwanda yajulikana kwa vilima vyake elfu. Kivu nako ni vilima juu ya vilima, na katika nchi hizo zote hulimwa kahawa ambayo wanunuzi wa mbali huionja, huipa alama na kuipangia bei. Huionja kwa lugha yao. Mkulima husimama kando akisikia zao lake likisifiwa au kutwezwa kwa maneno asiyoweza kuyajibu. Miongoni mwa wanafunzi wetu wamo watakaoketi katika meza hizo kesho. Tukiwafundisha leo kwamba ladha ni kunakili neno la mgeni bila kuuliza maana yake, tumewafunga midomo kabla bei haijatajwa. Tukiwafundisha kuonja, kulinganisha na kusema wenyewe, tumewapa ulimi katika maana zake zote mbili.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, karatasi za majibu ya tafsiri zisiwe na jibu moja pale ambapo kifungu kimetumia sitiari. Pili, mwalimu afundishe msamiati wa ladha kwa vitu: embe bichi, ndizi mbichi yenye ukakasi, chumvi, kijiti cha kiberiti kilichozimwa, changarawe iliyomwagiwa maji. Havigharimu kitu. Tatu, tuache kuandika «divai ya madini» katika vitabu vyetu. Tuandike «divai yenye ladha kama ya jiwe», au tuseme waziwazi kilichohisiwa: ni kali, ina munyu, inanuka kiberiti.

Lipo na jambo la nne, ambalo halinihusu ila mimi. Nilimtafuta binti yule. Alikuwa amekwisha kuingia darasa la juu, na alama aliyonyimwa isingeweza kurudishwa katika daftari la shule. Nilimwambia mbele ya wenzake: «Mwanangu, jibu lako lilikuwa sahihi, la karatasi lilikuwa kosa, nami nilijua ulipouliza.» Akanyamaza kidogo, kisha akasema: «Asante, Mwalimu. Sasa waambie na wengine.»

Ndugu walimu, nimewaambia.